Mashine ya Nakshi ya Januarius

Januarius Maganga aligundua kwamba mkono wake wa kulia hautulii siku alipokuwa akichora mstari wa penseli kwenye ubao wa kichwa cha kitanda. Ilikuwa mwaka 2021, wiki moja kabla ya Pasaka. Mstari ulitoka na mawimbi. Akaufuta, akachora tena, mawimbi yakarudi. Akadhani ni njaa. Akaenda kunywa chai, na kikombe nacho kikamgonga meno.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mbili, na karibu miaka thelathini alikuwa hajafanya kazi nyingine ila kuchonga nakshi. Ni mzaliwa wa Nkololo, mtoto wa wakulima wa pamba. Useremala alifundishwa na baba yake mdogo, kisha akafungua karakana hapa Somanda, mjini Bariadi. Mafundi wa vitanda na makabati ni wengi Bariadi, ila wa maua alikuwa yeye. Mtu akitaka kitanda cha harusi, au kiti cha kumkalisha mzee siku ya sherehe, aliambiwa, "Nenda kwa Januarius." Mimi nauza misumari na vitasa katika duka linalotazamana na karakana yake. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, na mengine niliambiwa na yeye na mkewe baada ya mambo kwisha.

Hakumwambia mtu. Alianza kuvaa koti lenye mifuko mikubwa, hata jua la saa saba mchana. Akisalimiwa kwa mkono alitoa kifundo cha mkono, kama mtu aliyeshika gundi. Mimi mwenyewe nimekishika kifundo kile mara nyingi bila kufikiri lolote. Hospitali alikwenda peke yake. Daktari akamwambia ni mishipa ya fahamu, dawa zitapunguza lakini hazitaondoa, na asijibebeshe mawazo. Dawa zikamlaza usingizi mchana kwenye vumbi la mbao, akaziacha. Na mawazo angeyaacha wapi? Ndugu zake walikuwa na mashamba na ng'ombe. Yeye alikuwa na mkono.

Mwezi wa nane patasi iliteleza ikakata ua zima kwenye kitanda cha bibi harusi. Alimwambia mteja kwamba ubao ulikuwa na mchwa.

Wazo la mashine lilitoka mezani kwake nyumbani. Mkewe, Milembe, ambaye wote tunamwita Mama Precious, alikuwa akipiga pasi ya mkaa sare za kwaya juu ya meza ya paina, na kitambaa kilikuwa na unyevu. Alipoinua shati, Januarius akaona alama ya kifungo imezama kwenye ubao, na matundu yake manne yamesimama kama vichunusi. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Joto, maji, na uzito. Hakuna patasi iliyopita pale.

Kwa muuza chuma chakavu akapata kipande cha shaba cha mviringo, kinene kama chupa ya soda na wazi katikati, kilichotoka kwenye mtambo wa zamani wa kuchambua pamba. Alikuwa amegundua kwamba alfajiri, kabla hajala wala kusema na mtu, mkono ulikuwa ukitulia kama saa moja hivi. Kwa miezi saba aliitumia saa hiyo kuchimba nakshi kwenye shaba: jani la pamba, ua, tumba lililopasuka, halafu jani tena. Alichimba kinyumenyume, mahali ambapo ubao ungeinuka yeye akafanya shimo. Kuna asubuhi alichimba mshipa mmoja wa jani, mkono ukaanza, akaacha.

Mashine yenyewe aliiunda na Sylvester, mchomeleaji wa mtaa wa pili. Fremu ya chuma, rola ya shaba juu, ndani yake makaa ya moto kama yale ya pasi, rola nyingine tupu chini, na jeki ya lori ya kusukuma kutoka chini. Ubao unapita katikati ukivutwa na mpini uliofungwa mnyororo wa baiskeli. Kwenye mbao zilizonyooka ilifanya kazi siku ya kwanza. Lakini migongo ya viti haijanyooka, wala vichwa vya vitanda. Ubao wenye mpindo ulipofika kwenye kilele ulibanwa mno ukapasuka, na uliposhuka rola ikaelea hewani bila kugusa. Mbao kumi na moja ziliharibika. Sylvester ndiye aliyeleta shokapu mbili za pikipiki akazichomelea chini ya rola ya chini. Baada ya hapo ubao ukipanda, rola inanywea. Ukishuka, inaufuata.

"Sasa inapumua," Sylvester alisema.

Hakuuliza kwa nini mchongaji anataka mashine, na Januarius hakumwambia. Vitanda vikaendelea kutoka. Wateja walisifu. Mmoja tu alisema, "Siku hizi maua yako yanafanana sana, fundi," na Januarius siku mbili hakula vizuri.

Mwezi wa tano mwaka jana aliitwa Nkololo. Kigango kilikuwa kinamalizia kanisa jipya, na kamati ilitaka kiti cha padre. Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Apolonia, mstaafu, ambaye amefundisha nusu ya watu wazima wa kata ile, Januarius akiwemo. Alimwonyesha ubao mmoja mpana wa mninga.

"Huu ulitoka kwenye mti uliokuwa uwanjani hapa," alisema. "Tulipoukata kupisha msingi, watu walinuna. Nikawaahidi mti hautatoka kanisani. Hakuna ubao mwingine wa upana huu, Januarius. Tunataka mkono wako."

Mzee Ngeleja, mjumbe wa kamati, akaongeza, "Mwana wa hapa, achonge kiti cha hapa. Hatutaki vitu vya dukani."

Januarius alitaka kusema. Ulimi ukageuka mdomoni. "Nitachonga," alisema.

Alikaa na ubao ule wiki sita bila kuugusa. Nilikuwa nikimwona anaufunua turubai, anaupima, anaufunika. Mwishowe akaukata, na ile sehemu ya juu ya mgongo wa kiti ikatoka kama upinde mpana. Hapo ndipo nakshi ilipotakiwa kukaa, kutoka bega hadi bega. Alijaribu rola kwenye vipande vya mninga vilivyobaki, akajifunza kwamba mninga hautaki haraka wala kusimama. Ukienda mbio ua halishiki, na ukisimama linaungua. Joto alilipima kwa tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, sawa. Likirukaruka kama mtama kwenye kikaango, joto limezidi.

Siku ya kazi ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alifunga mlango nusu, akaukanda upinde kwa kitambaa cha maji moto, akajaza makaa, akadondosha tone, akapandisha jeki. Akaanza kuzungusha mpini kwa mikono miwili. Mpini haukujali mkono unaotetemeka, mnyororo uliimeza ile mitetemo yote. Jani likatoka. Ua. Tumba. Jani, ua, tumba. Alikuwa anakaribia ua la tatu mlango uliposukumwa.

"Mwangaluka, Januarius."

Mtu wa kwetu hasalimiwi akanyamaza, tena na mwalimu wake. Januarius aligeuka. "Mwangaluka, Mwalimu," alijibu, na katika kujibu mikono ikasimama.

"Hicho ni nini?"

"Ni mashine, Mwalimu."

"Mashine naiona. Nakuuliza inafanya nini na ubao wetu."

Moshi mwembamba ukapanda. Aliunusa kabla ya kuuona. Akazungusha mpini, jasho likimwingia machoni, na Mwalimu Apolonia akabaki amesimama na pochi yake kifuani mpaka upinde wote ulipotoka upande wa pili. Wakautazama pamoja. Nakshi ilikuwa imekaa vizuri, mishipa ya majani inaonekana, matumba yameinuka. Ua la tatu kutoka kushoto lilikuwa jeusi kama kahawa.

Januarius alitoa mkono wa kulia akaulaza juu ya meza ya kazi. Chini yake palikuwa na kipande cha msasa. Kikaanza kuchakarisha.

"Mkono hauwezi tena, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Apolonia alisikiliza ule mchakacho. "Ulipokuja mwezi wa tano, ulikuwa hivi?"

"Nilikuwa hivi."

"Na ukasema utachonga."

"Nikasema nitachonga."

Alitikisa kichwa mara moja, akatoka. Nilimwona akipanda bodaboda bila kupatana bei na dereva.

Mchana ule Januarius alimweleza mkewe kila kitu. Alianza na hospitali akamalizia na ua lililoungua, na alipokuwa akisema alitazama chini. Milembe alimwacha amalize.

"Baba Precious," alisema, "wewe unadhani kwa nini tangu mwaka juzi nakujazia kikombe nusu?"

Januarius alikuwa akidhani ni kubana matumizi.

"Nilikuwa nangoja uniambie," Milembe akasema. "Kila siku namwomba Mungu akutoe mkono huo mfukoni. Ukawa unanunua makoti." Akacheka, kisha akalia, na chakula kikapoa.

Siku tatu hazikuleta simu. Januarius aliibeba simu kila alipokwenda, hata msalani. Aliwaza watakuja kuuchukua ubao wao. Aliwaza pia kwamba jina lake litapitishwa Nkololo nyumba kwa nyumba, hadi kwa kaka zake, na kwamba kaka mkubwa atasema ni mambo ya mizimu na kumpeleka kwa mganga. Akafikiria kulipiga ua msasa, lakini nakshi ya kukandamizwa haina kina cha kuchezea. Ungelisugua weusi ungeondoka na ua pamoja. Sylvester akamshauri apake rangi nyeusi kiti kizima, weusi ufichwe na weusi. Januarius alifungua kopo, akakoroga mpaka rangi ikalainika. Akasimama na brashi. Halafu akafunga kopo.

"Nimechoka kuficha," alimwambia Sylvester. "Kitakwenda hivi hivi."

Alikipaka vanishi isiyo na rangi. Ijumaa akakifunga blanketi, akakipakia kwenye guta, akakaa nyuma amekikumbatia mpaka Nkololo. Kila shimo la barabara alikipapasa kama mtu aliyesikia mtoto analia, ndivyo alivyoniambia mwenyewe.

Kamati ilikuwa imekaa ndani ya kanisa, kwenye mabenchi ambayo bado yalinukia maranda. Mwalimu Apolonia alikuwa ameshawaambia. Januarius alitambua hilo kwa jinsi kila mtu alivyotazama mfuko wa koti lake. Akalivua koti. Akalifungua blanketi.

Mzee Ngeleja aliinuka, akakizunguka kiti, akagusa mahali pa kuegesha mikono, akapiga mgongo kwa vifundo vya vidole.

"Sisi tuliomba kuchongwa," alisema. "Hiki kimegongwa muhuri."

"Ni kweli, baba," Januarius alijibu.

"Mashine ikitoa kimoja, inatoa mia."

"Inatoa, baba. Mashine nimeiunda na mwenzangu. Shaba nimeichonga mimi, miezi saba. Ilikuwa saa moja tu kila alfajiri, kwa sababu saa nyingine mkono ulikuwa si wangu. Kosa langu si mashine. Kosa langu niliwaambia nitachonga, na nilijua siwezi."

Mzee Ngeleja akaweka kidole kwenye ua jeusi. "Na hili?"

Kabla Januarius hajajibu, Mwalimu Apolonia alisema, "Hilo ni mimi. Nilimsalimia."

Mjumbe mmoja akacheka kwa pua, wengine wakajizuia. Walimwambia Januarius asubiri nje. Alisubiri kati ya rundo la kokoto na pipa la maji, na alisema hiyo nusu saa ilikuwa ndefu kuliko ile miaka mitatu. Alipoitwa, Mwalimu Apolonia alisoma kwenye daftari bila kuinua macho. Kiti kitabaki. Fremu ya tabenakulo, ambayo walikuwa wamekusudia kumpa, itakwenda kwa mchongaji wa Mwanza, kwa kuwa kazi ile inataka mkono.

Ilimuuma. Aliniambia ilimuuma kama jino. Lakini alishukuru, "Wabeja, Mwalimu," akarudi Somanda na blanketi tupu.

Jumapili ya kubariki kanisa alikwenda na Milembe, wakakaa mwishoni kabisa. Sasa hofu ikawa nyingine. Padre wa siku ile alikuwa mtu mnene, na mninga uliopita kwenye joto na maji unaweza kuweka ufa mahali usipoonekana. Januarius hakusikia somo wala mahubiri. Padre alikaa. Januarius akashika benchi la mbele. Padre akasimama. Akakaa tena, akaegemea, akakunja nne. Kwaya ikaimba, na Januarius akaichukia kwaya, kwa sababu ubao ukilia asingeusikia. Milembe akamshika mkono wa kulia, nao ukatetemeka ndani ya kiganja chake misa nzima, mbele ya watu.

Kiti hakikulia.

Baada ya misa watu walitoka uwanjani kula. Mzee Ngeleja alimfuata Januarius akiwa na kigoda mkononi, akakiweka chini, akakalia.

"Bado nasema si kuchonga," alisema.

"Si kuchonga, baba."

"Tangu lini, huo mkono?"

"Miaka mitatu na zaidi."

"Na ulikuwa unamwambia nani?"

"Hakuna."

Mzee akasonya, akageuka upande wa masufuria. "Nyie akina mama," aliita, "mleteeni fundi ugali na nyama. Na mchuzi mmwekee kwenye bakuli kubwa, usimwagike."