Wanawake wa Njia ya Kabambare

Mimi ni mama wa duka, hapa Kasongo, na sioni haya kusema napenda pesa. Siku uchungu ulipomshika binti yangu kule alikoolewa, kijiji cha Wamaza, na mutoto akakataa kutoka, nilikuwa pale na franka za kutosha kukodi pikipiki mpaka hospitali ya Kabambare. Bwana wa pikipiki akatazama matope, akatazama lile tumbo, akatikisa kichwa: "Mama, hata ukinipa duka lako lote, hapa haipiti."

Basi wanaume wakafunga kiti juu ya miti miwili, ile tipoyi ya zamani, wakambeba. Desturi ya njia ile, kila kijiji kinabeba mgonjwa mpaka kijiji kinachofuata, halafu wengine wanapokea. Mama mkwe wake, Mkristo wa makelele, akatangulia akiimba nyimbo za kanisa. Nikamfokea: "Mukwe, Mungu si kiziwi!"

"Siimbii Mungu peke yake, mama. Naimbia wenye mabega."

Kijiji cha mwisho tulikuta kuku tu. Watu wote walikuwa mashambani, mpunga umeiva. Wabebaji wetu wamechoka, na binti yangu halii tena. Kimya chake kilinitisha kuliko makelele. Nikatoa pesa, nikabaki nazo mkononi kama mjinga. Nimpe nani? Nikasema ya Rabi, nikaanza kuimba na mukwe wangu, mimi Mwislamu, wimbo nisioujua, mradi sauti ifike.

Wakatoka wanawake kwenye mpunga, mmoja na mutoto mgongoni. Tipoyi ni kazi ya wanaume, lakini nani aliuliza? Wakaingiza mabega, wakaenda mbio.

Pesa zangu zilifanya kazi yake hospitalini, nisidanganye. Zililipa daktari na dawa. Aliposema mama na mutoto wote ni wazima, nililia alhamdulillahi mpaka muuguzi akanikalisha chini. Halafu nikatoka na zilizobaki, niwape wale wanawake. Wapi! Mlinzi akaniambia walisharudi zamani, walisema ndege watamaliza mpunga wao.

Sikumuuliza jina hata mmoja. Kwa hiyo kila nikisali nawaombea wanawake wote wa njia ile, asije akaachwa mmoja.