Jembe Nililolipaka Mafuta

Kwa miaka mingi kazi yangu ya mwisho jioni, kabla ya kufungia kuku, ilikuwa kulipaka jembe mafuta. Si majembe yote. Yale ya dukani niliyaegemeza ukutani nje, yanyeshewe yasinyeshewe, shauri yao. Lakini moja, lililofuliwa nyumbani kwa chuma cha mlimani, nililifuta udongo, nikalikausha karibu na mafiga, nikalipaka mafuta ya nyonyo mpaka likang'aa. Nilifanya hivyo hata siku ambazo kiuno kiliniuma nikashindwa kuinama. Chuma hakina shukrani. Kisahau nje masika moja tu, kitaanza kuwa chekundu, kitamomonyoka, na mwisho utabaki na udongo uleule kilikotoka. Kurudi udongoni hakuhitaji mtu wala moto. Kutoka huko ndiko kulikomaliza miti yetu na migongo ya watu, na mgongo mmojawapo ni wangu.

Niliolewa Hasamba nikitokea Ibaba, kwenye milima ya Ileje, nikiwa msichana wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Mwaka wa pili wa ndoa yangu vita vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto, na majembe yakaadimika madukani. Mume wangu alikwenda Tunduma, akavuka mpaka hadi kwa ndugu zake wa upande wa Rodesia, akarudi mikono mitupu. Majembe tuliyokuwa nayo yalikwisha kuliwa na mawe, yakabaki kama vijiko. Kulimia ulezi kwa kitu kile ilikuwa kuukwaruza mlima, na jioni mikono ilikuwa inatetemeka hata kushika mwiko.

Baba mkwe wangu alikuwa wa ukoo wa wafua chuma. Tanuru lao la zamani lilikuwa bado limesimama mlimani juu ya kijiji, refu kuliko nyumba, la udongo wa kichuguu, nyasi zimeota kwenye mdomo wake. Halikuwashwa tangu majembe ya dukani yalipofika. Baba mkwe akasema litawashwa tena, na mume wangu akapewa kazi ya makaa.

Hapa lazima nieleze mambo mawili, maana bila hayo yaliyonipata hayaeleweki. La kwanza, mimi na baba mkwe hatukuzungumza hata siku moja. Desturi ilikuwa hiyo. Nikimwona anakuja njiani, niliingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Akiwa na la kuniambia, alimtuma mama mkwe. Nikiwa na la kumwambia, nilimtuma mume wangu. La pili, wakati wa kuyeyusha chuma wanaume walilala kambini mlimani na wake zao walibaki nyumbani, kila mtu na mwili wake. Mke akikosa uaminifu, tanuru lilikataa kutoa chuma. Baba mkwe alikuwa Mkristo, tena Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, lakini akifika kwenye tanuru aliuacha Ukristo wake chini ya mlima pamoja na viatu.

Mume wangu alichoma makaa mazuri, sitaki kumnyima haki yake. Alichagua mti mgumu, akaufukia vizuri, akatoa makaa yanayolia kama vigae ukiyagonganisha. Kisha akayafunika? Hata! Akayaacha wazi porini, akaenda kwenye harusi ya binamu yake ng'ambo ya mpaka. Mvua za kwanza zikanyesha huku nyuma, siku baada ya siku. Alirudi macho mekundu, akatuita sisi wanawake tubebe vikapu hadi kwenye jiwe ambalo hatukuruhusiwa kulipita.

Kikapu cha makaa makavu ni chepesi, unaweza kukibeba huku unapiga soga. Kile kilinivuta shingo, na maji meusi yakanichuruzika mgongoni.

"Makaa haya yana maji," nikamwambia mume wangu pale kwenye jiwe.

"Yanaingia motoni, hayaingii kwenye chungu. Yakifika huko yatakauka yenyewe."

"Yatakauka kwa moto wa nani?"

Akacheka. Akasema nibebe, niache kumfundisha kazi ya baba zake.

Sikuwa nafundisha. Nilikuwa napika kila siku, basi. Kila mwanamke anajua kuni mbichi zinavyokula moto: zinatoa povu, zinapiga kelele, na chungu kinakaa kimya. Moto una kiasi chake. Ukiutumia kukausha, huo ndio umekwenda, huutumii tena kupikia. Na tanuru lile halikuwa na mivukuto ya kulisaidia. Lilivuta hewa lenyewe kwa mirija ya udongo iliyochomekwa chini, na lilivuta tu kadiri lilivyokuwa na joto. Likiwa baridi halivuti, na lisipovuta halipati joto. Kuta zake zilikuwa zimelowa kwa miaka, na sasa wakalishindilia makaa yaliyolowa pia.

Tukiwa mashambani tuliuona moshi. Ulikuwa mweupe na mzito, ukitambaa juu ya nyasi. Mama mkwe aliutazama, akakunja uso, akaendelea kupalilia.

Walipolibomoa tanuru upande wa chini hawakukuta bonge la chuma. Walikuta mavi ya chuma, meusi, yamegandamana na mawe ambayo hayakuiva. Miezi ya kuchimba mawe, miti yote ile, yote imekwenda angani. Ningeelewa kama wangepata jembe moja badala ya kumi. Lakini jiwe la chuma haliachii kilicho ndani yake mpaka joto lifike mahali pake, na lisipofika, hata likaribie namna gani, haliachii. Moto wa nusu hautoi nusu ya chuma. Hautoi kitu.

Mama mkwe alikuja kwangu nikiwa natwanga. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Baba anauliza ni nani," akasema.

"Nani nini, mama?"

"Mwanamume. Tanuru halikatai bure. Wake wengine wote wana watoto na wanajulikana walikozaliwa. Wewe ndiwe mgeni."

"Hakuna mwanamume, mama. Makaa yalikuwa na maji. Sote tuliyabeba, hata wewe uliyabeba."

Akatazama chini. "Mimi nimetumwa kuuliza jina," akasema. "Sikutumwa kubeba habari za makaa."

Jioni nikamshika mume wangu mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele za watu. Nikamwambia: nenda kwa baba yako, mwambie habari ya makaa. Wewe una mdomo kwake, mimi sina. Akaenda. Akarudi, akasema amemwambia na mzee ametia pamba masikioni. Nilimwamini, maana alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa. Kesho yake nikafungashiwa mkeka na chungu changu, nikaanza safari ya kurudi Ibaba.

Sitaki kuusimulia sana mwaka ule. Habari zilinitangulia kufika. Kanisani waliniachia nafasi kubwa kwenye benchi, ungedhani nina upele. Mama yangu hakuniuliza lolote, na huko kutoniuliza kuliniumiza kuliko swali. Nilikuwa mwanamke wa kurudishwa, na bila mtu wa kunitetea ningebaki hivyo mpaka kaburini. Kibaya zaidi, nilianza kujishuku. Siku moja wakati wa tanuru mpita njia aliniomba maji, nikampa, tukacheka kidogo kuhusu mbuzi wake. Nikawa najiuliza: au ni kile kicheko? Ukipakwa matope kwa muda mrefu, hata wewe unaanza kuyatafuta mwilini mwako. Kicheko changu kiliisha mwaka ule, na sikukipata tena chote.

Kiangazi kilichofuata mume wangu akaja Ibaba na jembe begani. Tanuru lilikuwa limewashwa tena na safari hii limetoa chuma kizuri. Aliweka jembe mbele ya baba yangu, kisha akanigeukia.

"Baba amekusamehe," akasema.

"Amenisamehe nini?"

"Chukua jembe, twende nyumbani."

Nilikwenda shingo upande. Ningefanya nini? Lakini nilipofika Hasamba nikaelewa msamaha ule ulivyokuwa. Mke wa Ibaba alipokuwepo, chuma kilikataa. Alipoondoka, kikatoka. Hayo hayakuhitaji shahidi mwingine, hata mtoto mdogo angeweza kujumlisha. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wema kwangu, na wema ule ulinichosha kuliko matusi.

Ndiyo sababu ya mafuta. Jembe lile likiota hata doa moja la kutu, wangesema mkono wangu ndio unaoharibu chuma. Kwa hiyo nililimia penye mawe, nikalisugua, nikalipaka, jioni baada ya jioni. Nikiwa na mimba nilipaka. Nikiwa na homa nilipaka. Kutu hailali, nami ikanibidi niwe macho kama yenyewe.

Mume wangu aliendelea kufua vitu vidogo nyumbani, visu na nyengo za kufyekea, kwa mabaki ya chuma kile. Mara nyingi nilimwona akichovya chuma chekundu kwenye mtungi wa maji. Maji yalipiga kelele, yakapata moto, chuma kikapoa. Nilifikiri: mbona haitokei siku maji yakakirudishia chuma joto lake? Haikutokea. Joto likishahama, ukilitaka tena unaanza upya na makaa mengine. Nilizoea kuutazama mtungi ule nikiwa na huzuni nisiyoweza kumweleza mtu.

Baba mkwe akafariki. Siku ya mazishi ndipo nilipomtazama usoni mara ya kwanza. Alikuwa na sura ya upole. Nadhani kama tungeruhusiwa kuongea, tungeelewana.

Kisha ikaja siku ninayotaka kuisema. Vita vilikuwa vimesahaulika, majembe yamejaa Tunduma, na binti yetu mkubwa alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya misheni. Ilikuwa mchana wa mvua. Mimi nilikuwa napuliza kuni zilizolowa, machozi yananitoka kwa moshi, na mume wangu ameketi mlangoni akichonga mpini.

"Mama, usiulaumu moto," binti akasema. "Mwalimu ametufundisha. Joto halizuki lenyewe wala halipotei, linahama tu. Tena linahama kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, halirudi nyuma lenyewe. Sasa hivi linachemsha maji yaliyo ndani ya kuni. Yakiisha, ndipo chungu kitapata chake."

"Kumbe hayo ndiyo mnayokwenda kulala mabwenini kuyatafuta?" nikamwambia. "Ungeniuliza mimi."

Akacheka. Akaendelea kueleza kwamba hata chuma ni hivyohivyo, jiwe lake haliachii mpaka lipate joto la kutosha, na makaa mabichi yanaliibia. Mume wangu akainua kichwa. Alifurahi kusikia mwanawe anajua kazi ya ukoo.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Ndiyo maana safari ile ya pili niliyaanika makaa juani, nikayajengea na kibanda. Na tanuru tukalipasha kwanza kwa kuni kavu, kabla jiwe halijaingia."

"Babu ndiye aliyekuagiza?"

"Wapi! Babu yako alidhani napoteza muda. Angejua kwamba yale ya kwanza yalinyeshewa nikiwa harusini, angenivunja miguu."

Binti alicheka tena, kisha akaona uso wangu. Mume wangu alibaki ameshika kisu hewani. Nilisikia kuni zikitoa povu.

Nilitegemea hasira ije. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa miaka yote kwa pamoja, mzito mabegani kama kile kikapu. Mume wangu hakumwambia mzee. Jioni ile alikwenda kwa baba yake, akakaa, akarudi na uso wa mtu aliyepigwa. Alijua sababu tangu siku ya kwanza, akaiondoa mwaka uliofuata, akaja kuniletea msamaha.

"Mama watoto," akaanza.

Niliinuka, nikalichukua jembe lililokuwa karibu na mafiga, nikalitoa nje na kuliegemeza ukutani pamoja na yale ya dukani. Maji ya paa yakaanza kulitiririkia.

"Litaota kutu," akasema nyuma yangu.

"Basi kamwambie baba," nikajibu. "Mwambie mkono wangu umeharibu chuma."

Nikarudi kwenye chungu changu.  Mume wangu akatoka bila kitu kichwani, akaliingiza jembe ndani, akalifuta kwa shuka lake mwenyewe, akauliza mafuta yako wapi. Binti akamwonyesha. Tangu siku hiyo ni yeye anayelipaka, naye hulipaka vibaya, mafuta yanadondoka sakafuni, nami simsaidii.