Kinanda Kilichozama Misa ya Pasaka

Darasa la nne ndipo nilipoishia, wala sioni haya. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, redio za kila namna ziliingia Songea, na zilipokufa zililetwa kwangu Msamala nizitengeneze. Zilizoshindikana nilizichinja. Humo nikagundua jambo: ukiunga transista mbili, kapasita mbili na rezista chache, spika inalia yenyewe. Ukibadilisha rezista, sauti inapanda au inashuka. Nikasema basi, hiki ni kinanda.

Vibonye nilivikata kwenye debe la mafuta. Kila kimoja nilikitafutia rezista yake huku mke wangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza parokiani, akiniimbia noti mpaka koo likamkauka.

Baba alikuja kutoka kijijini Mpitimbi kuimba besi nasi misa ya Pasaka, ambayo kinanda changu kingepigwa. Akakitazama kinanda.

"Shamba umeliacha, unacheza na madebe. Kisipoimba Pasaka, unarudi kulima."

"Kitaimba, baba. Kisipoimba, nitalima."

Betri zilikuwa zimechoka. Nikazianika juani, kama tufanyavyo sote huku, nikazitia kwenye kinanda zikiwa bado na joto.

Kanisani, wimbo wa kwanza ulikwenda safi. Katika wa pili nikaona mke wangu ananikodolea macho. Kinanda kilikuwa kinashuka, polepole, na kwaya, iliyozoezwa kufuata kinanda, ikashuka nacho. Sauti ya kwanza ikafika kwa sauti ya pili. Besi wakanguruma, kisha wakabaki kuchezesha midomo tu.

"Fundi," mwalimu wa kwaya akaninong'oneza, "unatupeleka kuzimu siku ya Ufufuko!"

Nje watu walicheka. Baba hakucheka.

"Mimi, besi tangu ujana wangu, leo nimekosa pa kukanyaga. Jembe lako liko palepale."

Neno nilikuwa nimelitoa mwenyewe. Nikaenda Mpitimbi. Mke wangu alifunga mizigo, kinanda akakiacha mezani, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha kanisa zima.

Lakini kinanda nilikibeba. Nilikiweka mwisho wa tuta, kibonye kimoja nimekikandamiza kwa jiwe, kikalia. Nililima nikisikiliza jinsi sauti inavyozama kadiri betri inavyochoka. Nilitaka kujua ugonjwa wake wote.

"Zima hicho kitu!" baba akapiga kelele kutoka tuta la pili.

"Ulisema nilime, baba. Si nalima?"

Akainama, akaendelea kupalilia. Kinanda nacho kikaendelea kushuka.