Redio ya Donatille

Mwanamke akikuambia hawezi kumwonea wivu marehemu, mwulize kwanza kama aliwahi kuolewa kwenye nyumba yenye redio ya huyo marehemu.

Mimi niliolewa humo. Naitwa Mukunde, nimekulia Bukoba, nauza vitenge sokoni Kabuga, na mume wangu Gakwaya anafanya kazi wizarani pale Kacyiru, Kigali. Nilipomkubali alikuwa amefiwa na mke, watoto wake wameshajitegemea, na nyumba yake Kibagabaga ilikuwa safi, ina maua mpaka mlangoni. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikaa sebuleni. Amplifaya ya chuma yenye vifundo vikubwa kama vya jiko, mashine ya santuri juu yake, na spika mbili ndefu kama watoto wa chekechea. Donatille, mke wa kwanza, aliinunua Nairobi walipokuwa wachumba, na ikaja Kigali kwenye lori pamoja na magodoro.

Kila Jumapili baada ya misa Gakwaya alikaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, akaweka santuri, akafumba macho. Mimi nilikaa kwenye kochi la kushoto. Kulia kwake kulikuwa na kiti kingine chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, ambacho hakuna aliyekikalia. Mwaka wa kwanza aliniambia, "Mukunde, si ukae hapa." Nikamjibu kwamba kiti cha marehemu sikikalii, asante sana. Hakurudia tena. Tukawa tunakaa hivyo kila Jumapili, yeye katikati, mimi kushoto, na kulia kile kitambaa cha Donatille.

Muziki wenyewe haukuniudhi sana. Kilichoniua ni kwamba nikimsemesha hajibu. Namwambia chai inapoa, kimya. Namwambia leo padri karefusha mahubiri, kimya, macho kafumba, anatabasamu na santuri yake. Na kitandani ndiyo usiseme: ananipa mgongo, mimi naongea na fulana. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilijikaza nikamwuliza gizani, "Bado unamtaka Donatille?" Hakujibu. Nililia kidogo, kisha nikajijibu mwenyewe kwamba anamtaka. Tangu siku ile sikuomba kitu kingine kwa Mungu ila hicho kimoja, Gakwaya awe mume wangu, asiwe mume wa Donatille anayekula chakula changu.

Basi sindano ya santuri ikavunjika. Weee! Nilifurahi mpaka nikapika kuku. Alitafuta sindano nyingine mjini kote, akakosa, na Jumapili mbili tatu redio ikanyamaza. Nikaanza kupanga moyoni mahali pale nitaweka kabati la vyombo.

Jioni moja akarudi kutoka Kacyiru na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti.

"Dennis wa ofisini alinielekeza," akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, ambacho ndani yake kila kitu ni iko. "Hii iko bluetooth. Tunaunganisha nyuma ya amplifaya, halafu simu inapiga muziki. Nyimbo zote za santuri iko kwenye simu sasa."

"Zote?"

"Zote. Hata zile Donatille alikuwa anapenda."

Jamani, roho iliniuma! Santuri angalau zilikuwa zinabaki nyumbani. Sasa marehemu kahamia kwenye simu. Asubuhi anapanda naye moto, pikipiki zetu za abiria, mchana anakaa naye ofisini, jioni anarudi naye mfukoni. Suruali naifua mimi, naipiga pasi mimi, na mfukoni kakaa mwingine! Nilinuna siku nzima, naye hata hakuona.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, akaja fundi Onyango, Mkenya anayetengeneza redio kule chini karibu na barabara ya hospitali. Mtu wa maneno mengi, lakini mkono wake mzuri. Alivuta amplifaya mbele, akapuliza vumbi, akauliza waya uchomekwe tundu gani.

"Pale santuri ilikuwa," Gakwaya akasema. "Donatille alichomeka hapo."

Bila shaka. Donatille alichomeka hapo.

"Nipeni simu sasa," Onyango akasema. "Ila mjue, hiki kikishashika simu moja, nyingine inangoja nje mpaka hiyo itoke."

Mungu wangu, kumbe kuna kitu duniani chenye akili hivyo! Kabla Gakwaya hajatia mkono mfukoni, nilikuwa nimeshamwekea fundi simu yangu kiganjani. Nilisema moyoni, wimbo wa kwanza humu leo ni wangu, na marehemu angoje nje kidogo ajue kunavyokuwa.

Onyango akagusa, akafungulia. Loo! Spika zilinguruma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Kwaya yangu ya Bukoba ikawa kama lori linalopanda mlima. Gakwaya akaruka kitini.

"Zima, zima! Mtaiua!"

"Tundu si lake, mzee," Onyango akasema huku akizima. "Hili la santuri limezoea sauti dhaifu ya sindano, kwa hiyo linaikuza mara nyingi. Simu inakuja na nguvu zake tayari. Tuiweke hapa jirani, palipoandikwa AUX. Hapa hapajawahi kuchomekwa kitu, ona panavyong'aa."

Nikapaona. Nikamwambia Onyango kwa sauti, ili mwenye kusikia asikie, "Kumbe kila aliyekuja anataka tundu lake, si kulazimishwa tundu la aliyemtangulia." Onyango akacheka. Gakwaya, niliyekuwa nimesimama kushoto kwake, hakugeuza hata shingo.

Safari hii sauti ikatoka vizuri. Lakini Onyango si mtu wa kumaliza kazi nusu. Akatoa hedfoni kubwa kwenye mfuko wake, akazichomeka mbele ya amplifaya, akamvika Gakwaya. "Wewe ndiwe unaijua redio yako. Nitakuletea upande mmoja mmoja. Kulia?"

Gakwaya akanyanyua kidole gumba.

"Haya, kushoto."

Gakwaya akakaa. Onyango akakizungusha kifundo, akamtazama. Gakwaya bado kakaa tu.

"Kushoto hakuna kitu," akasema mwishowe, polepole. "Labda waya."

Onyango akafungua mfuniko. Akasafisha vifundo, akagusa hapa na pale kwa chuma cha kuyeyushia risasi, sebule ikanuka moshi. Akamvika tena. Kushoto hakuna kitu. Akabadilisha waya. Hakuna kitu. Akaanza kujikuna kichwa, akasema huenda upande huo umekufa kabisa, na kwa mashine ya umri huu vipuri vyake ni taabu.

Nakiri, nilifurahi. Upande mzima wa Donatille umekufa! Nikamvua mume wangu zile hedfoni nijisikilizie mwenyewe msiba huo.

Kwaya ilikuwa inaimba kwenye sikio langu la kushoto, wazi kabisa, sauti ya tatu na ya nne, hata kikohozi cha mpiga kinanda nilikisikia.

"Fundi, mbona hii nzima?"

Onyango akasikiliza, akathibitisha kwamba ni nzima, tena nzuri. Tukamtazama Gakwaya sote wawili. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaenda nikasimama kushoto kwake, nyuma kidogo, nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, "Gakwaya, nyumba inaungua." Hakutikisika. Nikazunguka kulia, nikarudia maneno yaleyale. Akafunika uso kwa mikono.

Onyango alikuwa na akili ya kukumbuka kwamba kuna bisibisi ameisahau kwake, akatuacha wawili.

"Tangu lini?" nikauliza. Nilibaki upande wake wa kulia.

"Matubwitubwi. Nikiwa darasa la pili."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuja kukuposa nikiwa mzee, Mukunde. Mvi iko, kitambi iko. Niongeze na sikio?"

Ningecheka, lakini swali lilikuwa limeshanipanda kooni. "Donatille alijua?"

"Alijua."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku zote. Nyimbo, redio, Nairobi, hayo yote ningeyameza. Lakini sikio la mume wangu, kitu kilichokuwa mwilini mwake kila siku, yule alijua na mimi sikujua! Nikakitazama kile kiti cha kulia na kitambaa chake. Kumbe ndiyo maana alikaa pale, mjanja yule. Alikaa panaposikika.

"Ndiyo maana umemtunzia kiti," nikasema.

"Nimtunzie nani?" Gakwaya akashangaa kweli. "Kiti iko yako. Nilikuambia ukae, ukakataa. Nikasema basi, hataki kuwa karibu na mimi. Na usiku vilevile. Donatille alikuwa anaongea mpaka usingizi inanichukua. Wewe taa ikizima, kimya. Nikajua huyu alikubali tu kuolewa, hana neno la kuniambia."

Mimi! Mimi ambaye sokoni Kabuga wananiita redio! Miaka mitatu nimemwaga maneno yangu yote kwenye sikio lililokufa, na yeye upande wa pili analala na upweke wake, akidhani mke wake ni bubu.

"Ulikuwa unasema kitu?" akauliza.

Nikakitoa kile kitambaa, nikakikunja, nikakiweka juu ya spika. Nikakaa. Kwaya yangu ilikuwa bado inaimba kwenye hedfoni zile mezani, kidogokidogo.

"Nilikuuliza kama bado unamtaka Donatille."

Alikaa kimya, na safari hii nilijua ni kimya cha mtu aliyesikia.

"Namkumbuka," akasema. "Siwezi kudanganya. Lakini huyu iko kaburini. Wewe nilikuwa nakungoja hapa, kila Jumapili."

Lile "namkumbuka" lilinichoma, sitaficha. Hata hivyo sikuondoka kitini.

Jioni ile nilihamisha mto wangu upande wa kulia wa kitanda. Sasa hata akinipa mgongo, sikio zima linabaki juu, hana pa kukimbilia. Donatille alilala upande gani sikumwuliza. Nilikuwa nimeshajua.