Acha Maji Ipumue Kwanza

Harufu ya maji ya kwanza ku robine, ile maji nyekundu yenye inatoka na kutu, kama vile umeweka kijiko ya chuma mu kinywa: hiyo njo inanimalizaka mi. Hapa kwetu Dilala, robine ikianza kukohoa mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, bajukuu banakimbia na babidon ya kuchotea maji, na mi nabakia pale ninanusa tu, muiko mu mukono.

"Kambo, bukari inaungua," mujukuu moya anasema, ananionyesha ugali ku moto.

Acha iungue. Mukaye kidogo, musikie.

Zamani tulikuwa tunakaa chini ya koleji, ile koleji kubwa yenye batoto ba mbali balikuwa banakuya kusoma na kulala. Shi batu ba chini, kila kitu ilitoka kule juu. Kengele ya koleji njo ilituamusha. Sinema balituonyesha ku ukuta ya koleji, siku ya posho, tunakaa chini na bipande ya muhindi. Ukikohoa, unaenda ku dispensaire ya koleji, banakupa kijiko ya dawa chungu mpaka unapona juu ya woga. Na maji pia. Tanki ilikuwa juu, maji inatelemuka kwetu, inapita, inaenda mpaka kule chini ku gare, kituo ya treni.

Mwenye kuitelemusha alikuwa Tata Kapinga, baba ya rafiki yangu Kapinga. Bazazi yake balitoka mbali, jimbo ya Kasai, zamani za kazi ya mugodi, lakini yee alizaliwa hapa na mama yake tulimuzika hapa. Nyuma ya koleji kulikuwa shimo ya simenti, na ndani vane saba, yale magurudumu madogo ya chuma ya kufungula maji. Kila asubui shi na Kapinga tulikuwa tunamufuata. Anafungula moya kidogo tu, kama mutu anafungula mulango ya chumba ya mugonjwa. Kiisha anaweka sikio ku bomba. Na shi tunaweka. Bomba inaguna, inakohoa, fuuu. Njo anafungula ya pili.

"Acha maji ipumue kwanza," alikuwa anasema. "Maji haipendi mutu mukali."

Alafu ikakuya mwaka ya kufukuzana. Ku redio balianza kusema kila mutu mwenye bazazi yake balitoka Kasai arudi kwabo. Bijana ba kartie, ba mutaa yetu, bakapita nyumba kwa nyumba na firimbi. Mi nilifikiri ni muchezo ya mupira. Siku ya tatu Mama Kapinga alitoka na masufuria ku kichwa, Kapinga na muto yake ya kulalia, Tata Kapinga na kiti moya tu. Balienda kulala ku gare, na ba Kasai bengine bote, kungoja treni.

Asubui yenye kufuata, robine ikanyamaza.

Ba mama balipanga babidon kama siku zote, ya njano, ya bluu, mustari murefu. Hakuna kitu. Bijana bakapanda ku koleji na mikono yabo ile ya nguvu, bakafungula vane zote saba mara moya. Maji ikaruka mu jikoni ya koleji, ikaogesha mupishi na mihogo yake. Kwetu, hata tone. Bakazifunga tena zote.

"Munaona sasa," Mama Ilunga, jirani yetu, aliambia kijana yake mbele ya batu bote. "Ulifukuza mwenye kujua, ukabakia na firimbi. Haya, piga firimbi, maji ikuye."

Batu balicheka, lakini kijana alikuwa na haya.

Sasa musikie ujinga yangu. Mi nilijua namna ya kuzifungula. Sikio yangu ilijua ile bomba kuliko kinywa inajua chumvi. Lakini nilinyamaza. Nilisema mu roho: kiu ikibashika sana, batashuka ku gare, batamubembeleza Tata Kapinga arudi, na Kapinga atarudi na muto yake. Siku ine nilienda na mama ku mutoni kuchota maji, shingo inaniuma, na mi ninafurahi. Kila bidon ilikuwa inamurudisha Kapinga karibu. Mi nilifikiri hivyo.

Siku ya tano mama alifunga bukari mu kitambaa, akaificha mu kitenge, bijana basione, tukaenda ku gare. Batu, batu, batu. Kapinga alikuwa amekaa juu ya muto yake. Midomo yake ilikuwa nyeupe, imepasuka.

"Hamujatuletea maji?" aliniuliza. "Robine ya huku iko kavu toka siku tano."

Bajukuu bangu, hapo njo nilielewa. Bomba ilikuwa moya. Ile nilifunga kwetu na kinywa yangu, nilifunga na huku.

Nilimwambia Tata Kapinga yote, ninalia mpaka kamasi. Mama alikuwa ananiangalia kama vile ananiona mara ya kwanza. Tata hakunikaripia. Aliangalia kule juu ku koleji, muda murefu.

"Unakumbuka vane ya kwanza ni gani?"

"Ile ya kona."

"Njo hiyo. Enda, mwanangu. Acha ipumue."

Nilikimbia. Vane ya kona ilikuwa mugumu, mama alinisaidia kuizungusha. Niliweka sikio. Iliguna, ikakohoa, fuuu. Ya pili. Ya tatu. Kule chini nilisikia ba mama banapiga kigelegele, babidon banagongana.

Asubui nilirudi ku gare. Kapinga alikuwa ameosha nywele. Alinikumbatia, nywele yake ikaniloanisha shavu, inanuka kutu. Treni ilikuya mangaribi ile, ikabapeleka.

Na mi, masomo yangu iliishia pale. Nusu ya bafundi ba masomo balipanda treni ile ile. Nilibakia kufungula vane kila asubui, mpaka kazi ya mugodi ikaanguka, na pompe ya kuvuta maji nayo ikanyamaza; siku hizi maji inakuya mara moya moya tu.

Kwa miaka mingi nilikuwa ninasema, Tata Kapinga alinituma kwa sababu batoto yake balikuwa na kiu. Ni kweli. Lakini sasa mi ni kambo, mi ninajua kingine. Kama mi nilifikiri ile hesabu ya kiu, yee mutu muzima hakuifikiri? Aliifikiri. Ile muda murefu alikuwa anaangalia koleji, alikuwa anaangalia kama kuko mutu anashuka kumuita. Hakukuwa. Njo akanipa mi vane ya kona, na pamoya nayo kitu ya mwisho yenye ingebafanya bamutafute.

Robine imekohoa tena. Mujukuu moya, kabinti, anataka kuifungula yote mara moya.

"Polepole, mama," namwambia. "Acha ipumue."

Na mi nainama, naweka sikio.