Kilima cha Mwisho

Juma lililopita niliwasindikiza jirani yangu na mkewe hadi ofisi moja ya Kibondo, kuchukua majibu ya gesi. Bondeni kwao hutoka mapovu yanayowaka ukiyawashia kiberiti. Niliyagundua mimi, na sijapewa hata asante. Jirani alipewa mfuko ayakinge, ukapelekwa maabara kwenye mashine inayotenganisha gesi moja moja, kama mtu anavyochambua maharage.

Dada mtaalamu alitandaza karatasi yenye mstari wa vilima.

“Kila kilima ni gesi yake. Hiki kifupi ndiyo methani, ile inayowaka. Hivi virefu ni hewa tu. Mzee, uliujazaje mfuko?”

Jirani akajikuna kisogo. “Mapovu yaliishia nusu. Nikaona aibu kuleta mfuko umelegea, nikaupuliza kidogo.”

“Kwa mdomo?”

“Sasa kwa kitu gani kingine?”

Dada akagusa kilima cha mwisho. “Ndiyo maana hiki kipo. Hiki ni pombe.”

Mkewe akainamia karatasi. “Mawe, mama yangu! Baba, si uliapa Pasaka kwamba umeacha?”

“Labda imetoka bondeni.”

“Bonde linakunywa rubisi?” Akamgeukia dada. “Binti yangu, nipe mifuko minne. Kila Jumamosi nitakuletea pumzi yake.”

Dada akacheka, akasema kipimo kirudiwe, ila safari hii mfuko ujazwe na mtu asiyekunywa. Wote wakanitazama mimi.

Mimi ninayeijua sayansi kuliko wengi nilitikisa kichwa tu, mdomo nimeufumba. Rubisi ile tulikunywa wawili, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeongeza.