Mtoto Asiyekuwa na Kilio

Sipendi kufarijiwa. Nalisema mapema, mtu asije akafika mwisho akadhani nimelainika. Hapa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, tunafariji kama tunavyokaanga ndakala, dagaa wetu: moto mkali, haraka haraka, kisha watu wanakwenda zao na harufu inabaki nyumbani kwako.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya barabara, upande wa ziwa. Siku hizo maji yalikuwa mbali, na mama mkwe wangu alilima mboga za lengalenga kati ya jiko letu na ufuko. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa humo ndani alfajiri, kwa sababu uchungu ulinishika ghafla na hatukuwahi kufika hospitali, kwenye maternite. Alinyonya kidogo. Alinitazama, au nilijisemea kwamba ananitazama. Jua lilipopanda alikuwa amekufa. Mume wangu alikuwa safarini Kabimba, amefuata boti ya simenti, na hakumwona kabisa.

Kwetu, mtoto anayekufa kabla kitovu chake hakijakatika hana kilio. Hakuna viti, hakuna turubai, hakuna wanaume. Hana jina pia. Wanawake waliokwisha kuzaa humchukua wakamzika kwenye udongo wenye maji, ili tumbo la mama yake lisikauke. Mama haendi, haulizi, halii.

"Usilie," mama mkwe aliniambia akimfunga mtoto kwenye kitenge. "Ukilia utafunga njia ya wengine. Huyu hakukuja, alipita tu."

Nikawa nimelala pale kitandani, nimeuma shuka, nasikia jembe nyuma ya jiko. Nilimchukia yule mama siku ile, na niliendelea kumchukia muda mrefu.

Baada ya siku chache mchungaji wetu alipita. Alikalia kiti chetu kizuri, akanywa sucre, soda tuliyomnunulia, akafuta midomo, akasema, "Mama, Mungu wetu njo wa milele. Siye watu tunapita, Yeye anabaki." Nilimwomba aje nyuma ya jiko aombe kidogo tu, penye lengalenga. Akatikisa kichwa. "Kwa mutoto wa vile kanisa haifanyake kilio. Usimuchokoze Mungu."

Milele! Mtu amezaa mtoto aliyeishi asubuhi moja, unamwambia yuko mwingine asiyekufa kamwe. Ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba jirani ameshiba. Tangu siku hiyo kila neno hilo lilipotajwa kanisani nilijisikia nimetukanwa. Kwaya ikiimba umilele, mimi nafunga mdomo. Niliendelea kwenda, ndiyo, kwa sababu usipokwenda watakuja nyumbani kukufariji.

Nilizaa wengine. Watu wakashangilia kwamba tumbo limefunguka, kana kwamba yule wa kwanza alikuwa kizibo tu. Mume wangu hakuuliza kitu hata mara moja. Mama mkwe aliendelea kulima lengalenga zake, ila palikuwa na kipande kidogo karibu na ukuta ambacho jembe lake halikukigusa. Hakusema kwa nini, na mimi sikumpa nafasi ya kusema.

Kisha ziwa likapanda, hamna Mkalemie asiyejua. Lilikula ufuko, likala bustani, likaingia jikoni. Tulipobeba vitu vyetu kwenda kupanga chumba kule mlimani, kile kipande kilikuwa kimeshafunikwa. Nilisimama majini hadi magotini nikitafuta ukuta wa jiko kwa macho, nisiweze tena kusema ni hapa au ni pale. Alikuwa hana jina wala kilio, na sasa alikuwa hana hata mahali.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliandaa sala ya waliopatwa na maji. Kila nyumba ilisimama na kutaja kilichokwenda, na kanisa zima likajibu, "Mungu atarudisha!" Mama mmoja alitaja magodoro. Mungu atarudisha! Mwingine akataja friji yake ya kuuzia samaki. Mungu atarudisha! Papa mmoja, mwanamume mzima, akalilia mabati yake kwa sauti ambayo mimi sikuruhusiwa kumlilia nayo mwanangu. Hapo ndipo hasira iliponisimamisha.

"Maji ilibeba mutoto wangu wa kwanza," nilisema.

Mwanamke nyuma yangu akapiga yowe, akidhani mtoto amezama wiki ile. Hakuna aliyejibu kwamba Mungu atarudisha. Mchungaji alikumbuka, nilimwona anakumbuka, na uso wake ukaingia ukali.

"Mama, ile ni mambo ya zamani. Ilishapita."

"Ilipita kwako, Papa Pasta. Unatuambia kila siku Mungu njo wa milele. Kama njo vile, kwake hakuna zamani. Ile asubuhi ingali mbele yake. Mutoto wangu angali ananyonya, na Yeye anamuangalia."

Nilitaka kumkaba kwa neno lake mwenyewe, basi. Sikuwa natafuta faraja. Lakini neno lilipokwisha kunitoka, nililisikia, na nikaona kwamba nimelisadiki. Niliudhika sana. Miaka yote hiyo walikuwa wamenipa kitu cha kweli, wakanipa vibaya.

Mama mkwe akanivuta kitenge. "Kaa," akasema. Nikakaa. Yeye akaendelea kutazama mbele, kwenye madhabahu, kisha akanong'ona bila kunigeukia:

"Alikuwa na nywele mingi."

Sikujua kama nimkumbatie au nimpige kofi. Tuliimba wimbo wa mwisho, na safari hii niliimba, kwa hasira.

Mama mkwe amekufa mwaka huu. Kilio chake kilikuwa kikubwa, viti hadi barabarani, na mchungaji akahubiri umilele hadi jasho likamtoka. Watu walipotawanyika niliteremka peke yangu hadi mahali maji yanapoishia sasa. Kuna jambo ambalo hata mama mkwe hakulijua. Ile asubuhi, mtoto akiwa kifuani, nilimpa jina. Nilimwita sikioni, mara nyingi, huku wanawake wakichemsha maji. Sijamwambia mume wangu, na hapa pia siliandiki.

Nililitamka kwa sauti, mbele ya ziwa, nikimwelekea Mungu. Sikumshukuru. Nilimwambia: mimi nitakufa, na nikifa hatakuwapo mtu wa kumwita mwanangu kwa jina lake. Wewe hufi. Basi lishike Wewe, na usithubutu kusahau.